Jando la Waseme

Vijana wangu, nimefanya kazi ya mbwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyenizidi. Hakuwa daktari. Alikuwa mfagiaji, jina lake Modesta, na mpaka leo nikimkumbuka kinywa kinanikakamaa kama mtu aliyeuma bibo bichi. Nalisema hili mapema ili msidhani nimekuja kuwasifia watu wa zamani. Nimekuja kuwaambia habari za mbwa. Nimejaribu kuzisema bila kumtaja Modesta, nimeshindwa.

Juzi kijana wa jirani yangu alilalamika kwamba mbwa wake ni mnafiki: anatikisa mkia, halafu anang'ata. Nikamwonyesha kovu la kidole gumba changu. Hata mimi niliwahi kudhani hivyo. Siku zangu za kwanza pale ofisi ya mifugo Mtwara, aliletwa mbwa mkubwa wa mtumishi mmoja wa Shangani. Mkia wake ulikuwa juu, umesimama kama mlingoti, ncha tu inatikisika. Nikajisemea, huyu amefurahi. Nikamwinamia macho kwa macho, nikampelekea mkono kichwani.

Nilipokuwa nafunga kidole kwa kitambaa, Modesta aliacha kufagia akanitazama.

"Kaka Athumani, mtu akija kwenu, akakuinamia, akakukodolea macho, akakuwekea mkono utosini, utamkaribisha chai?"

"Si alikuwa anatikisa mkia!"

"Ncha tu. Mkia wa furaha unatikisika pamoja na kiuno. Huyu alikuwa anakuonya, wewe ukamshukuru."

Waliokuwa kwenye foleni na mbwa wao wakacheka. Modesta akaweka ufagio chini, akamwendea mbwa yule kwa ubavu, kama mtu anayepita zake kwenda kisimani. Akachuchumaa akimpa bega, bila kumtazama, mkono ameukunja ngumi na kuuacha unaning'inia. Mbwa akanusa. Akanusa tena. Mkia ukashuka, akaketi. Modesta akamfunga mdomo kwa utepe wa kanga, fundo juu ya pua, fundo chini ya kidevu, kisha nyuma ya masikio, akanikabidhi kamba. "Haya, mshike. Hang'ati sasa." Tangu siku hiyo nilianza kumchukia.

Niliacha shule darasa la nne, na sababu haikuwa ujinga, ilikuwa miguu. Miguu yangu haikukubali kukaa chini ya dawati wakati dunia inapita dirishani. Nimechota chumvi, nimebeba magunia ya korosho bandarini, nimekuwa utingo wa lori la kwenda Newala. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa, nikishaielewa, naondoka. Mbwa ndio walionishika, kwa kuwa sikuwaelewa. Mama yangu alilia. "Kazi zote za Mtwara zimekwisha mpaka ukashike najisi?" Akanitengea sahani yangu na ndoo yangu. Jioni, kabla sijaingia ndani, nilinawa mara saba, moja kwa mchanga, naye amesimama mlangoni anahesabu kwa sauti kwa sababu hakuniamini.

Ofisini tulikuwa watatu. Daktari wa mifugo, mtu wa bara, mpole, wa maneno machache. Mimi, mshika mbwa. Na Modesta, aliyeajiriwa kufagia na kufua vitambaa. Ukoo wake ulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mtoto, na baba yake alifuga mbwa wa kufukuza nguruwe shambani. Mimi nilianza kuwasoma mbwa ukubwani. Yeye alikua nao kwenye mkeka mmoja. Hamwoni kwamba huo si ushindani wa haki?

Miaka ile, mwisho wa sitini na mwanzo wa sabini, mji ulijaa mbwa wasio na mwenyewe. Jike mmoja akiingia joto, anapita mtaani akiburuta madume nyuma yake kama bibi harusi na wapambe. Madume wanapigana, na mtoto aliyetumwa chumvi dukani anajikuta katikati. Sisi tulihofu kichaa cha mbwa kuliko tulivyohofu chui. Kisha jike anazaa, watoto wanakuwa wengi, na watu wasio wabaya hata kidogo wanawatia kwenye gunia na kwenda nao baharini. Niliwahi kuliona gunia kama hilo likirudishwa na maji. Silisimulii. Nasema tu kwamba anayewaambia kumtoa mbwa kizazi ni ukatili, hajaliona gunia lile.

Kwa hiyo Daktari aliamua: madume wahasiwe, majike watolewe kizazi. Kisu kilikuwepo, dawa ya usingizi ilikuwepo. Kilichotushinda kilikuwa neno.

Tulimwazima tarishi wa boma, Myao wa watu, kupita mitaani na bati la kupaazia sauti. Alitakiwa kutangaza kuhasi. Lakini herufi ile ya H ilikuwa haikai mdomoni mwake, akatangaza kuasi. "Mbwa wote kuasi! Ofisi ya mifugo, mbwa kuasi!" Sasa fikirini, ng'ambo ya mto kuna vita, na uasi si neno la kuchezea. Kesho yake alikuja mzee mmoja wa Naliendele, kofia mkononi, anatetemeka.

"Bwana mkubwa, mbwa wangu hajaasi. Nimeishi naye miaka mitano. Tena jua likizama tu, amelala."

Daktari hakucheka. Alimkalisha, akamweleza kuhasi ni nini. Mzee alipoelewa, akatetemeka zaidi, akaondoka bila kuaga.

Hapo Modesta akalipata lake. Wanawake waliokuja na mbwa jike aliwachukua pembeni, kwenye kamba ya kuanikia vitambaa, akawaambia, "Tunampeleka unyago." Wanawake wakacheka, wakakubali. Nilisikia hivyo nikiwa mlangoni, na wivu ukanipanda. Neno jepesi namna hiyo! Mwanamke wa ufagio, na watu wakaanza kumwita kungwi wa mbwa. Wakifika langoni hawanioni. "Kungwi yuko wapi?" Mimi nimesimama pale na kamba zangu, kidole kimefungwa.

Kitu ambacho sikukisikia, kwa kuwa wivu huziba masikio, ni maneno yaliyofuata. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa na wanawake wale. Kila mmoja Modesta alimwambia: "Usiku huu asile kitu, maana akilala usingizi wa dawa na ugali tumboni atatapika na kupaliwa. Akitoka hapa akae ndani kama mwari, siku saba, asilowe, asikimbie, asilambe kidonda. Mtobolee ndoo kuukuu, mvalishe shingoni. Na ujue, dada, huyu hatazaa tena. Tena maishani. Umekubali?" Akisema ndiyo, anamuuliza mara ya pili. Neno unyago halikuwa chambo. Lilikuwa njia ya kumfanya mtu akumbuke siku saba.

Mimi niliiba nusu ya kwanza.

Daktari alikuwa ametuita sote wawili asubuhi moja. "Kuna nafasi moja ya kwenda kusoma bara. Atakayekwenda, akirudi atashika kisu. Nitampeleka anayeelewa kazi." Aliposema anayeelewa, macho yake yalikuwa kwenye ufagio. Vijana, mimi sikuwa na cheti, sikuwa na shamba, sikuwa na kitu nilichowahi kukimaliza. Nafasi ile niliitaka mpaka nikawa siwezi kula. Nilimwangalia Modesta akifua, akiimba kwa sauti ndogo, nikaomba augue. Si sana. Homa ya wiki moja hivi.

Wiki hiyohiyo alishuka kwenye lori la korosho mzee mmoja wa Mpapura, mwindaji, akiitwa Mzee Chitanda. Alikuwa na mbwa dume mwekundu, sikio la kushoto limechanika, kifua kama cha bondia. Jina lake Waseme. Mnajua watu wetu humpa mbwa jina ambalo wao wenyewe wanaogopa kumwambia jirani. Modesta alikuwa kisimani. Nilimshukuru Mungu.

"Bwana mdogo," mzee akasema, "huyu hatulii. Jike akiingia joto Naliendele, yeye anamnusa akiwa Mpapura. Anakwenda siku tatu, anarudi vipande. Nimesikia mnafanya unyago wa mbwa. Wa kiume je?"

"Wa kiume ni jando, mzee wangu."

"Jando!" Uso wake ukafunguka. "Atatulia?"

"Atatulia. Atakuwa mtu mzima."

"Vizuri. Akitoka nitamtafutia mke wa maana, aache hawa wa barabarani."

Nilicheka. Nilijiambia anatania. Hapana, niseme kweli, nimezeeka: sikutaka kujua kama anatania. Waseme alikuwa ananitazama, akapiga miayo, mdomo wazi mpaka koo. Nikasema, "Unaona, hata yeye amechoka na safari."

Modesta aliporudi na ndoo kichwani, mbwa alikuwa amekwisha kufungwa mdomo, na Daktari ananawa mikono.

"Mwenyewe amekubali?" Daktari akauliza.

"Amekubali."

Modesta akatua ndoo. "Huyu si mbwa wa mwindaji? Ameelezwa vizuri?"

"Kwani wewe peke yako ndiye uliyepewa mdomo wa kusema na watu?"

Akaokota vitambaa vyake.

Siku saba nilimpa mzee, kwa kuwa hizo nilikuwa nazijua kwa kuwaona mbwa wa Modesta wakirudi wamepona. Naye alizishika kuliko mtu yeyote. Alimlaza Waseme kwenye kibanda, akampikia uji bila chumvi, akawakataza wanawake wa nyumbani kumpitia karibu. Kidonda kilifunga kama hakikuwepo. Daktari akanisifu mbele ya watu. "Kazi nzuri, Athumani." Nilirudi nyumbani nikanawa mara saba bila kuhesabiwa.

Mvua zilipokwisha, Mzee Chitanda alirudi. Safari hii aliongoza mbwa wawili. Waseme amenenepa, ametulia, shingoni kafungwa utepe wa kitambaa kipya, kama kijana aliyetolewa jando. Pembeni yake jike mweupe, mwembamba, yuko kwenye joto kiasi kwamba mbwa wote wa foleni walianza kulia.

"Bwana mdogo," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "mbona mwari wangu hajui kazi? Nimemtafutia mke mpaka Nanyamba. Anamnusa, kisha anaketi. Anatazama barabara. Huko jandoni mlimfundisha nini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaziachia kamba. Mwanamume mmoja akasema, "Mzee, labda ngariba alikata parefu." Daktari akatoka na koti lake jeupe kujua kelele ni za nini. Akamsikiliza mzee mpaka mwisho, kisha akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mzee, huyu hatazaa. Hawezi tena."

Kicheko kilikatika. Mzee Chitanda aliketi chini kwenye mchanga, akaweka mkono juu ya kichwa cha Waseme.

"Hawa ni ukoo," akasema. "Babu yangu alivuka nao mto. Mama yake huyu, na mama wa mama yake. Amebaki yeye tu." Kisha akainua macho. "Mimi niliambiwa jando. Jando mtu anatoka akaoe."

"Nani alikwambia jando?" Daktari akauliza.

Mzee alinitafuta kwa macho, lakini macho ya mwindaji yalikuwa yamejaa maji. Kabla hajanipata, yule mwanamume wa mzaha akajibu kwa niaba yake. "Maneno hayo ya jando na unyago, Daktari, mji mzima unajua ni ya nani."

Daktari akamgeukia Modesta. Modesta akanitazama mimi. Mimi nikawatazama mbwa. Kulikuwa na mbwa wengi pale, walinitosha.

"Neno ni langu," Modesta akasema.

"Kuanzia leo husemi na wenye mbwa. Kazi yako ni ufagio."

Mwezi uliofuata nilipanda meli kwenda kusoma. Mama alinikumbatia bila kuninawisha.

Nilisoma vizuri, sitaficha. Nilijifunza mishipa na mishono, na majina ya kizungu ya vitu ambavyo Modesta alivijua bila majina. Siku moja mwalimu alieleza kwamba mbwa anayepiga miayo mbele ya mtu mara nyingi hana usingizi wala uchovu. Ana wasiwasi, anaomba nafasi. Wenzangu waliandika. Mimi niliona mdomo wa Waseme, wazi mpaka koo, na kalamu ikagoma.

Na yaliyobaki nayasema hapa ili yawasaidie. Dume aliyehasiwa haachi kulinda nyumba. Anaacha kuzurura, na ugomvi mwingi anausahau. Jike si lazima azae kwanza ndipo atolewe kizazi. Huo ni uzushi tulioupenda. Lakini mwenye mbwa mwambieni yote, kwa lugha anayolalia na kuamkia, mpaka akurudishieni kwa maneno yake mwenyewe. Mkimpata kwa neno tamu tu, mmemwibia.

Niliporudi Mtwara, miaka miwili imekaribia kwisha, nilikuwa na koti jeupe langu mwenyewe. Nililivaa tangu bandarini. Nikaingia langoni nikitarajia watu wasimame. Hakuna aliyesimama. Foleni ilikuwa imepinda, haielekei mlango wa ofisi, inaelekea nyuma, kwenye kamba ya vitambaa. Modesta alikuwa amekatazwa kusema na wenye mbwa. Hakuna aliyewakataza wenye mbwa kusema naye. Anafagia, wanamfuata, anajibu akiuambia ufagio.

Na aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni ile alikuwa Mzee Chitanda.

Miguuni pake alilala jike mwekundu, kifua kipana. Sikuhitaji kuambiwa ni damu ya Waseme; mengine nilielezwa baadaye. Nilipokuwa bara, Modesta alikuwa ametembea Naliendele nyumba kwa nyumba, kila siku ya mapumziko, akiwatafuta watoto ambao Waseme alikuwa amewaacha barabarani kabla ya kisu. Alimpata mmoja, chini ya ghala, akampeleka Mpapura kwa miguu amembeba kifuani. Mimi nilikwenda bara kutafuta elimu ya mbwa. Yeye alikwenda Naliendele. Niambieni nani alikuwa na elimu.

"Amezaa mara moja," mzee alikuwa anamwambia. "Watoto watano, wote nimewapa wawindaji wenzangu. Sasa mtoeni kizazi. Hatazaa tena maishani. Nimekubali. Niulize mara ya pili."

"Nakuuliza mara ya pili," Modesta akauambia ufagio.

"Nimekubali."

Ndipo waliponiona. Modesta akalitazama koti langu, toka kola mpaka pindo.

"Karibu, kaka Athumani. Limekukaa vizuri."

Hakuna kejeli iliyokuwemo. Ingekuwemo, ningepumua. Nilisogea nimsalimie mzee, na yule jike mwekundu akainua kichwa, akanitazama, akageuza uso, akapiga miayo. Mdomo wazi mpaka koo, kama baba yake.

"Ana usingizi," Mzee Chitanda akasema.

"Hana usingizi, baba," Modesta akasema. "Kuna mtu hapa ana jambo linamkaba, naye analinusa." Akanigeukia. "Liseme, mbwa apumzike."

Nilimwambia mzee palepale, mbele ya foleni, na Daktari amesimama dirishani. Kwamba jando lilikuwa la mdomo wangu. Kwamba alipotaja mke nilisikia, nikacheka. Kwamba mwanamke huyu alibeba kosa langu na mimi nikabeba nafasi yake nikaenda nayo bara. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Mzee Chitanda aliichukua kamba ya mbwa wake kutoka karibu na mguu wangu, akaihamishia upande wa Modesta.

Nikamgeukia Modesta. Nilidhani atalia, au atanitukana, matusi ningeyapokea. Alinipa ufagio.

"Shika. Mimi nina watu wa kusema nao."

Daktari aliona, hakumzuia. Nikaanza kufagia, koti jeupe likiburura pindo mavumbini, kutoka kwenye kamba ya vitambaa, nikapita foleni yote, mtu mmoja mmoja. Nilifagia mpaka langoni. Nilipogeuka, mbwa wote walikuwa wanamtazama yeye.